Kukagua marejeleo ya tasnifu ya anthropolojia ili wanawake weusi wasiishie kwenye mabano

Tasnifu yenye marejeleo 120 hukaguliwa kwa siku moja. Kuirekebisha huchukua wiki tatu au nne, kwa sababu kazi utakazoziongeza lazima zisomwe kwanza. Mwongozo huu ni wa mwanafunzi wa uzamili au uzamivu, na wa mwalimu anayepanga kozi, anayetaka wanawake weusi walioijenga fani hii waingie ndani ya hoja yenyewe. Mifano mingi inatoka Marekani, maana huko ndiko mjadala huu ulikoandikwa kwa wingi, lakini Nigeria na Kenya nazo zimo.

Anza kabla sura ya pili haijakauka. Ukingoja sura zote ziishe, utashona majina juu yake kama viraka, na mtahini mwenye jicho atauona uzi.

Hesabu kwanza

Chapa orodha yako ya marejeleo kwenye karatasi, kisha fungua jedwali la Excel lenye safu sita: jina kamili la mwandishi, mwaka kazi ilipoandikwa, mwaka ilipochapishwa, kurasa za tasnifu yako anamotajwa, kazi anayoifanya hapo, na chanzo kilichokuonyesha yeye ni nani.

Safu ya tano ndiyo yenye uzito. Ijaze kwa herufi moja kati ya tatu. M ni ya mabano: jina limepangwa foleni na mengine manne mwishoni mwa sentensi, na likiondolewa hakuna kinachobadilika. T ni ya taarifa: umechukua kwake tarehe, takwimu au maelezo ya mahali. H ni ya hoja: umeeleza anachodai, ukakikubali au ukakipinga, na aya yako ingeanguka bila yeye. Tasnifu yaweza kuwa na wanawake weusi 15, wote wakiwa M. Hiyo iko nyuma ya tasnifu yenye watatu walio H.

Katika safu ya sita usikisie kwa jina wala kwa picha. Tumia maneno ya mwandishi mwenyewe: utangulizi wa kitabu chake, ukurasa wake wa chuo, mahojiano aliyoyatoa. Usipopata, acha wazi.

Andika majina ya kwanza kwa ukamilifu kwenye jedwali hata kama chuo chako kinataka herufi za mwanzo tu. "Harrison, F. V." na "Harrison, I. E." ni watu wawili: Faye V. Harrison ni mwanamke, Ira E. Harrison ni mwanamume, na walihariri pamoja kitabu African-American Pioneers in Anthropology (1999). Tena usichanganye swali la wanawake na swali la wanawake weusi. Orodha yenye Ruth Benedict, Margaret Mead na Mary Douglas, wote weupe, hulijibu la kwanza tu.

Kutafuta kwenye rafu zisizo za anthropolojia

Ukitafuta neno "anthropolojia" pekee, nusu ya kazi hizi zitakupita. Zora Neale Hurston alisoma chuo cha Barnard, New York, chini ya mwanaanthropolojia Franz Boas na kuhitimu mwaka 1928, lakini katika maktaba inayopanga vitabu kwa namba za Dewey utamkuta 398 pamoja na ngano, na 813 pamoja na riwaya za Marekani. Katherine Dunham, mwanaanthropolojia na mchezaji dansi, alifanya utafiti Jamaika, Haiti, Martinique na Trinidad kuanzia 1935 kwa ufadhili wa mfuko wa Rosenwald, naye hukaa 792 au 793 pamoja na dansi. Pita kwenye rafu hizo kabla ya kusema maktaba haina kitu.

Majina nayo hubadilika. Irene Diggs ni yuleyule Ellen Irene Diggs. Eslanda Goode Robeson, aliyesoma anthropolojia London School of Economics na kusafiri mwaka 1936 kutoka Afrika Kusini hadi Uganda, huorodheshwa mara kwa Goode, mara kwa Robeson, na mara nyingi zaidi kama "mke wa Paul Robeson", yule mwimbaji. Kitabu chake cha safari hiyo, African Journey, kilitoka 1945. Anayeandika kuhusu Uganda ya miaka ya 1930 na hajakifungua ana pengo. Tafuta kila umbo la jina, na utafute kwa lugha nyingine pia: utafiti wa Dunham kuhusu ngoma za Haiti ulichapishwa kwanza Mexico mwaka 1947, na toleo la kitabu la Los Angeles likaja 1983.

Vitabu viwili vinafaa kuwa mizizi ya utafutaji. Kimoja ni hicho cha akina Harrison cha 1999. Cha pili ni Black Feminist Anthropology, kilichohaririwa na Irma McClaurin mwaka 2001. Soma orodha za marejeleo za sura zake, uandike kila jina linalojirudia mara tatu au zaidi, kisha uende mbele: weka kichwa cha kazi kwenye Google Scholar na ubofye sehemu inayoonyesha waliokirejelea. Pitia pia jarida la Transforming Anthropology la Chama cha Wanaanthropolojia Weusi, chama kilichoanza mwaka 1975 na ambacho Vera Mae Green, mtafiti wa Aruba, alikuwa rais wake wa kwanza. Makala ya A. Lynn Bolles ya 2013 katika jarida hilo ndiyo tungempa mtu mwenye saa moja tu ya kusoma.

Kwa asiye na chuo kinacholipia majarida, akaunti ya bure ya JSTOR huruhusu kusoma makala 100 kwa mwezi mtandaoni. Humo mna jarida la Signs, ambalo toleo lake la 1977 lina makala ya mwanaanthropolojia wa Kenya Achola Pala kuhusu nani anayefafanua maana ya "mwanamke na maendeleo" barani Afrika. Humo mna pia makala ya Hurston ya 1931 katika Journal of American Folklore, yenye kurasa zipatazo 100 kuhusu uganga wa hoodoo. Maktaba ya Bunge la Marekani imeweka mtandaoni, bila malipo, sauti ya Hurston mwenyewe akiimba na kueleza nyimbo, iliyorekodiwa Jacksonville mwezi Juni 1939, pamoja na sehemu za filamu alizopiga Dunham akiwa kwenye utafiti. Hizo nazo ni marejeleo halali.

Mchango usioonekana kwenye hesabu ya nukuu

Google Scholar huhesabu kilichotiwa sahihi. Kazi nyingi za wanawake hawa hazina sahihi, au sahihi iliyopo ni ya mtu mwingine.

Irene Diggs alikuwa mtafiti msaidizi wa W. E. B. Du Bois, msomi mweusi wa Marekani, kwa takriban miaka 11, akashiriki kuanzisha jarida la Phylon mwaka 1940, kisha akaenda Havana kusoma kwa mwanaanthropolojia wa Kuba Fernando Ortiz na kupata uzamivu huko. Kuanzia 1947 alifundisha chuo cha Morgan State, Baltimore, karibu miaka 30. Ukipima kwa idadi ya vitabu utamwona mdogo. Soma kurasa za shukrani za wale waliofanya naye kazi ndipo umpime upya. Shukrani ni chanzo cha utafiti, na watu wengi huziruka.

Mwanaanthropolojia Audrey Smedley ndiye aliyeandika rasimu ya msingi ya tamko kuhusu mbari (kwa Kiingereza race) la Chama cha Wanaanthropolojia wa Marekani, lililopitishwa Mei 1998. Tamko limebeba jina la chama. Unapolinukuu, rejelea chama kama kawaida, kisha mtaje Smedley ndani ya sentensi na uende kwenye kitabu chake cha 1993, Race in North America, ambamo hoja imekunjuliwa kikamilifu. Dunham kwa upande wake aliuweka utafiti katika miili ya wachezaji: mbinu yake inafundishwa hadi leo katika shule za dansi, na hakuna hifadhidata ya nukuu inayoinasa. Kazi ya namna hii irejelee kwa jina la onyesho, mahali na mwaka, kama unavyorejelea filamu.

Halafu kuna mapengo. Ukiona miaka mitano mitupu katika orodha ya kazi za mtu, tafuta sababu kabla ya kuandika kwamba "hakuchapisha sana". Mwezi Desemba 1927 Hurston alitia saini mkataba na tajiri wa New York, Charlotte Osgood Mason: angelipwa dola 200 kwa mwezi akusanye ngano na nyimbo za Kusini, na vyote alivyokusanya vingekuwa mali ya Mason. Kitabu cha kwanza kilichotokana na safari hizo, Mules and Men, kilitoka 1935. Baadaye ufadhili aliotegemea kwa masomo ya uzamivu katika chuo cha Columbia ulipunguzwa, na shahada hiyo hakuipata. Aliyemwita "mwandishi wa riwaya aliyejaribu anthropolojia" hakusoma mkataba huo.

Tarehe mbili kwa kila kazi

Hapa ndipo makosa mengi hutokea, na yanaharibu hoja kabisa. Hurston alimaliza mwaka 1931 muswada wa mahojiano yake na Cudjo Lewis, mmoja wa manusura wa mwisho wa meli ya watumwa Clotilda. Wachapishaji waliukataa, kitabu, Barracoon, kilitoka 2018. Ukiandika "Hurston (2018)" peke yake, msomaji atadhani anawajibu wasomi wa karne hii. Andika Hurston (2018 [1931]). Fanya vivyo hivyo kwa Dunham: 1983 [1947].

Tarehe mbili zinageuza mpangilio wa mawazo. Wanafunzi hufundishwa kwamba mwandishi kujiweka ndani ya maandishi yake ya kiethnografia ni jambo la miaka ya 1980, hasa baada ya kitabu Writing Culture (1986), ambacho hakikuwa na sura hata moja ya mwanamke mweusi. Mules and Men, miaka 51 kabla, inaanza na mtafiti anayerudi kwao Eatonville, Florida, akieleza kwamba utamaduni wake ulimkaa mwilini kama nguo ya ndani, na alilazimika kwenda mbali na kupata darubini ya anthropolojia ndipo auone. Wenyeji wanamtania, wanamchunguza, wanataka kujua anatafuta nini. Sura yako ya mbinu ikianza 1986, imeanza katikati ya hadithi.

Ukimpa mtu nafasi kubwa, mpe na ukaguzi mkubwa. Makala ya Hurston ya 1927 kuhusu Cudjo, iliyotoka katika Journal of Negro History, iligunduliwa baadaye kuwa sehemu kubwa ilinakiliwa kutoka kitabu cha Emma Langdon Roche bila kumtaja. Usiirejelee kama utafiti wake wa asili. Tumia mahojiano yaliyofuata. Mwaka wake wa kuzaliwa ni mtego mwingine. Alizaliwa Januari 1891, Notasulga, Alabama, lakini alijipunguzia miaka 10 ili aingie shule ya bure huko Baltimore, na hata jiwe la kaburi aliloliweka Alice Walker mwaka 1973 limeandikwa 1901. Kopi ya kopi hukupa jibu baya.

Neno "wa kwanza" nalo liogope. Mwanamke mweusi wa kwanza kupata uzamivu wa anthropolojia ni nani? Jibu linategemea kama unahesabu shahada za Marekani tu au na ya Diggs ya Havana, na kama Waafrika waliosoma Ulaya wamo. Taja chuo na mwaka, yanatosha.

Kuandika jina ndani ya sentensi ya Kiswahili

Kiswahili kina shida yake hapa, na haijadiliwi vya kutosha. Kiambishi a- hakitaji jinsia. "Harrison (1991) anasema" hakimwambii msomaji chochote kuhusu anayesema, na hata sentensi zinazofuata hazitamwambia, wakati Kiingereza, kikifika kwenye kiwakilishi, kwa kawaida kingemfanya mwandishi achague "he" au "she". Uzuri huo wa lugha unageuka pazia. Kwa hiyo mara ya kwanza andika jina kamili, na pale panapoihusu hoja useme ni nani: "mwanaanthropolojia wa Kinigeria Ifi Amadiume". Usiwachanganye wote kwa "wanawake wa Kiafrika". Mwanaanthropolojia Leith Mullings alizaliwa Jamaika, akafanya utafiti Ghana na Harlem, mtaa wa New York, na akawa rais wa Chama cha Wanaanthropolojia wa Marekani 2011 hadi 2013. Amadiume ni Mnigeria. Pala ni Mkenya. Weusi wao haukuishi katika historia moja.

Amua mapema utatafsirije dhana ya mbari. "Rangi" inafaa kwa ubaguzi wa kila siku, "mbari" kwa dhana ya kitaaluma. "Kabila" hapana: Smedley anaonyesha kwamba mbari ni wazo lililoundwa katika ukoloni na utumwa wa Amerika, na ukiliita kabila, hoja yake imekufa kwenye tafsiri.

Vitenzi navyo vina upendeleo. Kagua kama wanaume wako "wanahoji", "wanadai", "wanafafanua", huku wanawake weusi "wanasimulia" na "wanashuhudia". Mullings alipotafiti afya ya uzazi ya wanawake wa Harlem miaka ya 1990 alitoa nadharia: mzigo wa mbari, tabaka na jinsia unafungana kuwa mmoja, na mwanamke anaulipia kwa mwili wake, hata yule msomi mwenye kipato. Huo ni ufafanuzi wa sababu. Mpe kitenzi chake.

Chukua mwanafunzi anayeandika kuhusu nyumba ntobhu, ndoa ya mwanamke kwa mwanamke, ya Wakurya wa mkoa wa Mara. Rasimu ya kwanza huwa hivi: "Ndoa za mwanamke kwa mwanamke zimejadiliwa barani Afrika (Evans-Pritchard 1951, Krige 1974, Oboler 1980, Amadiume 1987)." Wote M. Baada ya marekebisho:

"Ifi Amadiume (1987) anadai kwamba katika mji wa Nnobi nafasi ya mume haikufungwa kwenye mwili wa kiume: mwanamke mwenye mali aliweza kuoa, na binti aliweza kuwekwa katika nafasi ya mtoto wa kiume. Nyumba ntobhu inafanana na hayo kwa sura, lakini lengo lake kuu ni kumpatia watoto mwanamke asiye na mtoto wa kiume. Swali ni kama hoja ya Amadiume kuhusu mali na hadhi inasimama pale ambapo msukumo ni urithi."

Amadiume sasa ni H, na anapingwa kwa heshima. Kumsifu bila kumjibu ni M iliyovaa suti.

Wizi wa mdomo

Mwaka 2017 mwanaanthropolojia Christen A. Smith alikuta maneno ya kitabu chake yakitumika katika wasilisho la mtu mwingine kwenye kongamano bila jina lake. Akaanzisha mwaka huohuo kampeni ya Cite Black Women, kwa fulana kwanza, kisha kwa mapendekezo matano, likiwamo la kuwasoma na la kuziweka kazi zao kwenye kiini cha silabasi. Wizi wa aina hii mara nyingi huanza kwa daftari baya: umesikia wazo kwenye semina, hukuandika la nani, baada ya miezi sita umeliona kama lako. Unapoandika wazo la mtu, andika palepale jina, tukio, mahali na tarehe. Mhadhara, mjadala wa darasani na barua pepe vyote hurejelewa, kwa ruhusa ya mhusika pale alipozungumza faraghani.

Msimamizi akikataa

Pingamizi la kawaida ni kwamba hao "si wananadharia". Usibishane kwa jumla. Mpelekee aya moja ya H, kama ile ya Amadiume, umuulize ni sehemu gani ya hoja ingebaki bila yeye. Akisema marejeleo yamezidi, ondoa ya M kwanza, ya watu wote.

Mwalimu anayepanga kozi asiwarundike wote kwenye wiki ya jinsia. Katika muhula wa wiki 15, weka utangulizi wa Mules and Men wiki ya mbinu, sambamba na Malinowski wa 1922. Amadiume akae wiki ya ukoo na ndoa pamoja na Evans-Pritchard, Smedley wiki ya mbari, Mullings wiki ya afya, Pala wiki ya maendeleo. Kisha uulize swali la mtihani lisilojibika bila wao. Wanafunzi husoma kinachotahiniwa; hilo kila mwalimu analijua.

Ukihitaji makala ya mwandishi aliye hai, mwandikie sentensi nne: wewe ni nani na uko chuo gani, makala unayoitaka kwa kichwa kamili na mwaka, unaitumia kwa hoja gani, na asante. Usimwombe akueleze fani nzima, akupe orodha ya kusoma au akusomee sura. Pendekezo la tano la Smith ni kuwapa wanawake weusi nafasi na muda wa kupumua. Asipojibu ndani ya wiki mbili, kumbusha mara moja, kisha mwombe mkutubi.

Kabla ya kukabidhi, fungua faili na utafute neno "pia". Kila linapotokea karibu na jina la mmoja wa wanawake hawa, isome sentensi tena, ufute neno hilo, uone kama sentensi bado inasimama. Ikianguka, rudi kwenye kitabu chake.